Atakayeshika Waya

"Huyo kijana wako namjua," mama alisema, na Kivuli akakirudisha kikombe mezani.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mama alikwisha kuvaa sare yake nyeupe, saa ndogo ameibana kifuani, tayari kwenda kazini. Miaka ishirini na miwili alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, na mtu aliyeifanya kazi ile muda wote huo hatoi habari mbaya akiwa amesimama. Huvuta kiti kwanza. Sasa alikuwa amevuta kiti.

"Unamjua vipi, mama? Jana ndiyo mara yake ya kwanza kuja hapa."

"Hapa, ndiyo."

Jana jioni Fundi alikuja kujitambulisha. Alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, akaketi kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mama alimkaribisha, akamtilia chai, akamtazama usoni kwa kitambo, halafu akanyamaza hadi mgeni alipoaga. Kivuli alidhani ni yale yale ya siku zote, kwamba mama hapendi kazi yao.

Na kazi yenyewe, kusema kweli, haikuwa ya kumfurahisha mzazi yeyote. Kivuli lilikuwa jina la kazini. Nyota wa filamu alipotakiwa kuanguka ngazi au kuruka ukuta, Nyota alikwenda kuketi kivulini, na binti huyu akavaa gauni lake na nywele zake za bandia, akaanguka kwa niaba yake. Fundi alikuwa mfunga waya. Yeye ndiye aliyemfunga mkanda kiunoni na mabegani, akamning'iniza hewani, akamteremsha mzima. Miezi minane alikuwa akimteremsha mzima. Katikati ya mikanda na vifungo hivyo moyo nao ukafungwa, na hakuna aliyejua siku wala saa.

"Miaka minne iliyopita, wewe uko masomoni," mama alianza, "tulimpokea binti kitanda cha sita. Alianguka kazini, kazi kama yako. Uti wa mgongo. Kila siku saa ya kutazama wagonjwa kulikuwa na kijana anakuja. Anamlisha, anamsomea gazeti, anamkata kucha. Mchumba wake. Wauguzi tulimsifu mpaka tukawa tunawasema waume zetu."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, nikikatizwa sitaweza. Kijana huyo ndiye aliyekuwa ameshika waya siku binti alipoanguka. Alikuja wiki tano. Wiki ya sita daktari akamwambia binti kwamba hatatembea tena. Kijana alikuwepo, amesimama miguuni pa kitanda. Akasema anakwenda kununua maji." Mama alikitazama kikombe chake. "Mwanangu, mpaka leo hajarudi na hayo maji."

"Huenda si yeye. Watu wanafanana."

"Ana kovu chini ya kidevu. Na yeye alinitambua. Unafikiri kile kikombe kilikuwa kinacheza kwenye kisahani kwa sababu gani?"

Kivuli alikikumbuka kikombe kile.

Mama alisimama, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na homa. "Habari ya kazi tuligombana tukamaliza. Sikukatazi. Ila leo unaruka kutoka kwenye ule mnara, sivyo? Najiuliza tu nani atashika waya."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Hakungoja jibu kwa sababu alilijua.

*

Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa katuni, na hapakuwa na mtu katika mji ule ambaye hakukulia miguuni pake. Ilihusu msichana aliyefungiwa mnarani ambaye siku moja anafungua dirisha, anatanua mikono, anaruka, na korongo mkubwa mweupe anampokea hewani. Kivuli aliitazama mpaka kanda ikakwaruzika. Mama yake alikuwa akiiweka kwenye runinga ya wodini, watoto wenye plasta miguuni wakatulia kama wamenyweshwa dawa. Wimbo wake waliujua hata walinzi wa getini.

Sasa katuni ile ilikuwa inatengenezwa upya na watu wa nyama na damu, na watu walikuwa wakali. Kionjo cha filamu kilipotolewa, wakaona kuruka kule kumefanywa na kompyuta tupu, walisema maneno ya kumchoma mtu moyo. Mmetuharibia utoto wetu, waliandika. Mwongozaji hakulala siku tatu. Siku ya nne akasema kuruka kutapigwa upya, safari hii kwa mtu wa kweli, kutoka mnara wa kweli. Korongo ataongezwa baadaye, lakini mwili utakuwa mwili.

Hakuwa mtu mbaya, Mwongozaji. Alikuwa na faili lenye picha za katuni ile, moja moja, ndani ya karatasi za nailoni, na alizishika kama mtu anavyoshika cheti cha kuzaliwa.

"Sekunde nne," alimwambia Kivuli asubuhi ile, akimwonyesha. "Yuko hewani sekunde nne. Mikono wazi, uso juu, anatabasamu. Hatazami chini hata kidogo."

"Huyu amechorwa kwa penseli," Kivuli alisema.

"Ndiyo."

"Penseli haivunjiki mgongo."

Mwongozaji alimtazama vizuri. Katika miaka mitatu hakuwahi kumsikia akisema hivyo. "Uko sawa lakini?"

"Niko sawa."

Hakuwa sawa. Mnara ulisimama katikati ya uwanja, urefu wa nyumba ya ghorofa tano, umejengwa kwa mbao na chuma na kupakwa rangi ya mawe. Juu ya paa lake mafundi seremala walikuwa wakimalizia kupigilia ukingo wa bati la kung'aa, maana katika katuni paa lile linameremeta. Kando ya mnara kreni ilikuwa imenyoosha mkono wake, na waya mwembamba ukaning'inia kutoka juu. Chini, mahali pa kumpokea, hapakuwa na godoro. Kamera ilikuwa imelazwa pale chali, ikitazama juu.

Alipanda ngazi akizihesabu, na kila alipofika kumi akasahau, akaanza tena. Zamani alipanda minara akipiga mluzi. Hofu ilimjia alipoanza kupenda, kwa sababu mtu asiye na cha kupoteza huruka tu. Lakini hofu ya leo ilikuwa ya namna nyingine.

Fundi alikuwa juu anamsubiri, mkanda mkononi.

Walikuwa wawili tu kwenye kile kibaraza cha mbao kisichozidi upana wa mkeka. Akampitishia mikanda mabegani. Alinukia sabuni na mafuta ya mashine. Vidole vyake vilipita kwenye vifungo kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto nguo za sikukuu, na mwili wa Kivuli, usiojua habari za kitanda cha sita, ukaanza kuegemea mikono ile kama ulivyozoea. Akaukemea. Akazima kifaa cha sikioni ili watu wa chini wasisikie.

"Kitanda cha sita," alisema.

Vidole vikasimama.

Upepo ulipita kati yao. Fundi alipoinua uso, ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akingoja kofi miaka minne.

"Mama amekwambia."

"Ulikuwa unangoja nani aniambie?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Miezi minane yote hukuipata hata moja?"

Fundi aliurudia mkanda, akakaza kifungo.

"Niambie wewe. Nataka kusikia kwako."

"Kapi lilikuwa na ufa," alisema polepole. "Kile kigurudumu cha juu, waya unapopita. Utaratibu wetu ni kukagua mara tatu. Nilikagua mbili. Jua lilikuwa linazama, mwongozaji wa wakati ule anafoka, watu mia wananitazama. Nikasema moyoni, mbili zinatosha. Ningeweza kusema ngojeni. Ni neno moja tu. Nikanyamaza, akaruka."

"Walikushtaki?"

"Hapana. Walisema ajali ni ajali."

"Basi hilo liache kwanza. Niambie habari ya maji."

"Nilikwenda dukani kweli. Nikanunua. Nikarudi mpaka getini na chupa mkononi, miguu ikakataa. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho ilipofika nikasema kesho. Ukikosa siku ya kwanza, ya pili inakuwa nzito mara mbili. Ya kumi huiwezi kabisa."

"Alikuwa mchumba wako."

"Ndiyo."

"Ulimpenda?"

"Ndiyo."

Neno lile fupi lilimchoma kuliko yote, na bado alishukuru kwamba hakudanganywa. Alishika ukingo wa dirisha.

"Unafikiri naogopa waya," alimwambia. "Waya ukikatika ni ajali. Wewe ukiondoka si ajali. Mimi naogopa niamke kitandani, siwezi kugeuza shingo, nikutafute kwa macho, nikuone unatafuta mlango."

"Kivuli..."

"Niambie hutaondoka. Sema tu, nitakusikia."

Mwanamume mwingine angeapa pale pale, kwa mbingu na ardhi. Fundi alimtazama, macho yamejaa maji, akatikisa kichwa.

"Hata siku ile, asubuhi, ungeniuliza ningesema sitaondoka. Ningeapa. Sijui mimi ni mtu gani, na hilo ndilo linalonitisha kila ninapokufunga huu mkanda."

Chini mtu aliuliza kwa kipaza sauti kama wako tayari. Wingu la kwanza lilikuwa limeonekana upande wa pili wa uwanja.

"Basi leo usishike waya," Kivuli alisema. "Ashike Mzee Kapi, mkuu wenu wa waya."

Alidhani atabishana. Hakubishana. Alimaliza kifungo cha mwisho, akakivuta mara tatu, akarudi nyuma hatua moja.

"Umefanya sawa," alisema. "Mzee ndiye aliyenifundisha."

Akashuka ngazi bila kutazama nyuma.

*

"Mwanangu, ni mimi," sauti ya Mzee Kapi ilisema, nzito na tulivu, alipowasha tena kifaa cha sikioni. Mzee alikuwa chini kwenye winchi, mashine ile inayouachia waya na kuushika. "Vuta pumzi. Toa. Sina haraka, mimi na haraka tulishaachana."

Wakahesabu. Tatu, mbili, moja.

Kivuli hakuruka.

Aliiona mikono yake imetanuka kama ya msichana wa katuni, lakini miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Wakahesabu tena. Hakuruka. Hapo akafanya lile alilokatazwa, akatazama chini.

Alimwona Fundi. Alikuwa amesimama peke yake kando ya kamba za ulinzi, uso juu, mikono miwili ameiweka utosini kama mtu aliyefiwa. Aliona pia jinsi ardhi ilivyokuwa mbali. Kusimama pale kukazidi kutisha kuliko kuruka, na ni kwa sababu hiyo tu, si kwa ushujaa wowote, ndipo akaruka.

Upepo ulimpiga ubavuni, ukamrudisha kidogo kuelekea mnara. Juu ya kichwa chake alisikia sauti nyembamba, kama kucha juu ya sufuria. Kisha waya ukamshika, ukampunguza mwendo, ukamtuliza. Akaning'inia mita mbili juu ya kamera, mzima, akipumua kama mbwa.

Watu walipiga makofi. Nyota mwenyewe, aliyekuwa kwenye kiti chake amejifunga shuka, alikuwa akilia.

"Nzuri," Mwongozaji alisema. "Nzuri sana. Lakini ulitazama chini, na hukutabasamu. Tunarudia kabla wingu halijafika."

Akapanda tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana sasa mwili ulijua unakopelekwa. Alifika kwenye kibaraza akiwa amelowa jasho la baridi, akakibana vizuri kifaa cha sikioni, na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa sauti ya Fundi.

"Usimrushe."

"Wewe leo umepumzishwa," Mwongozaji alimjibu.

"Waya umegusa bati la paa. Nimeona bati likitikisika, na kitu kikang'aa kikaanguka."

"Mzee amekagua waya."

"Amekagua kipande kinachopita mikononi mwake. Kilichogusa bati kiko juu, haoni. Na lile bati lilipigiliwa baada ya mimi kukagua."

"Dakika kumi, wingu liko juu yetu. Turuke, halafu tukague."

"Hapana."

Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa kupita yeye aliyekuwa juu.

"Kijana, ukiendelea hivi hutafanya kazi na mimi tena, na sidhani utafanya na mwingine."

"Sawa. Lakini siku ile nilinyamaza. Leo sinyamazi."

Kivuli alichungulia. Fundi alikuwa ameruka kamba za ulinzi, ametembea hadi mahali pa kumpokea, na sasa alikuwa anaketi. Aliketi chini kabisa, miguu ameikunja, akiziba kioo cha kamera, katikati ya uwanja, mbele ya watu wote wale.

"Mkimrusha," alisema, "atanikuta hapa."

Mlinzi mmoja alianza kumwendea akasita. Ndipo ukasikika mlio wa swichi, na Mzee Kapi akakohoa.

"Mashine nimeizima," alisema. "Teremsheni mkono wa kreni. Sisi wazee tukiona mtu mzima ameketi chini tunauliza kwanza."

Kivuli alijifungua waya, akashuka kwa ngazi, akishika kila kidato kwa mikono miwili. Alipofika chini, waya ulikuwa umelazwa juu ya meza na watu wameuzunguka. Mzee Kapi alikuwa akiupitisha katikati ya vidole. Akasimama mahali fulani, akavaa miwani.

"Waya huu umesukwa kwa nyuzi kumi na tisa," alisema. "Saba zimekatika."

"Ungekatika?" Mwongozaji aliuliza. Faili la picha lilikuwa limemshuka mkononi hadi kwenye paja.

"Huenda ungeshika," Mzee alisema. "Huenda."

Mwongozaji aliketi juu ya sanduku la vyombo. Baada ya muda akasema, bila kumtazama mtu, "Ng'oeni lile bati. Leo tumefunga."

Kivuli alikwenda nyuma ya hema, akatapika chai yote ya asubuhi. Aliporudi, Fundi alikuwa bado ameketi pale pale.

"Inuka, watu wanakutazama."

"Ningeinuka kama ningeweza," alisema. "Miguu imekufa."

Kivuli akaketi karibu naye, si karibu sana. Alimshika mkono juu kidogo ya kiganja, akausikia mshipa ukikimbia kama panya darini. Hakujua kama anampima au anamshika.

"Hili halifuti lile," alimwambia.

"Najua."

"Kusimamisha kazi ni rahisi kuliko kusimama kando ya kitanda."

"Hilo pia najua."

Simu ya Kivuli ilianza kulia. Mama, kutoka wodini. Kivuli alimweleza yote kwa sentensi fupi. Kisha mama akasema, "Mpe."

Fundi aliipokea kama mtu anayepewa kaa la moto. "Shikamoo, mama... Ndiyo... Ndiyo, mama." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Alhamisi. Saa nne. Nimeelewa." Akairudisha.

"Amesema nini?"

"Yule binti ana kliniki Alhamisi. Mama amesema nisikanyage tena kwenu mpaka nimekwenda kuketi naye." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Utakuja?"

"Nitakaa nje," Kivuli alisema. "Ukitoka mbio nataka nikuone kwa macho yangu."

*

Siku ya Alhamisi Kivuli aliketi kwenye benchi la saruji karibu na geti la hospitali, akimwona Fundi akiingia na shati lile lile la kupigwa pasi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Kila mlango ulipofunguka, aliinuka nusu, akaketi tena. Mwanzoni aliogopa atamwona anatoka. Ilipofika saa sita akaanza kuogopa kwamba hatoki. Mtu anaweza kumkimbia mchumba miaka minne kwa sababu bado anampenda. Wazo hilo halikuwa limemjia kabisa, na sasa lilipomjia liliketi naye pale benchini likakataa kusogea.

Saa saba mama alitoka, amemaliza zamu, akaketi kando yake na kuvua kiatu kimoja.

"Wamo bado?" Kivuli aliuliza.

"Wamo. Kliniki iliisha saa tano."

"Wanafanya nini?"

"Wanalia. Wakichoka wanaongea, wakiongea wanalia."

"Mama, anamrudia?"

Mama alimgeukia, mshangao wa kweli usoni. "Amrudie vipi? Yule binti ana mume. Mwalimu, mtu mpole sana. Wana mtoto wa miezi saba, leo wamekuja naye, amemtapikia huyu wako begani."

"Ulijua siku zote hizo?"

"Hukuniuliza," mama alisema, akikanda kidole gumba cha mguu. "Na yeye angekuwa amerudi hata mara moja, angejua. Miaka minne anakimbia mtu ambaye hata hamfukuzi."

Mlango ulifunguka. Fundi alitoka taratibu, macho mekundu, doa jeupe begani. Alisimama mbele yao wote wawili kama mwanafunzi mbele ya walimu.

"Amenisamehe?" alisema, kana kwamba wao ndio waliomwuliza. "Sijui. Amesema nije tena mwezi ujao, nimweleze vizuri, leo nimelia mno hakunielewa."

"Na utakuja?" mama aliuliza.

"Nitakuja."

Mama alivaa kiatu chake, akasimama. "Haya. Mtu akilia saa tatu anataka kula. Twendeni nyumbani." Akatangulia bila kungoja, mkoba kwapani.

Wao wawili wakabaki wakitazamana. Kivuli alitamani kumwegemea kifuani pale pale getini, na alitamani pia kumkimbia, na vyote viwili vilikuwa na nguvu sawa.

"Jumamosi wanarudia kuruka," alimwambia. "Mwongozaji amekuita, nimesikia. Lakini Mzee Kapi ndiye atakayeshika waya. Siku hiyo na siku zote. Siwezi kukupa moyo na uti wa mgongo kwa pamoja, vitakulemea."

"Na mimi niwe wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Mahali ambapo nikitazama nitakuona," Kivuli alisema. "Mwongozaji akitaka nitabasamu, itabidi anivumilie nitazame kwanza."